Kupanga njia za faili kwenye Python: kilinganishi, split au NUL?

Kaskazi82
Wakuu, nina orodha ya njia za faili kama milioni moja. `sorted()` tupu inanipa hivi:

```
docs
docs-zamani/a.txt
docs.bak
docs/a.txt
```

Nataka `docs/a.txt` ikae chini ya `docs`. Niandike kilinganishi cha `cmp_to_key` (kitendaji kinacholinganisha njia mbili mbili) au kuna mbinu nyepesi?

mpanga_baiti
Chanzo ni ASCII, yaani namba ya kila herufi: kistari (-) ni 45, nukta 46, mkwaju (/) 47. Jina lenye kistari au nukta linajipenyeza kati ya folda na watoto wake. Kilinganishi ni kujichosha bure, maana kinaitwa kwa kila jozi inayolinganishwa, na kwa milioni moja inaweza kufika karibu mara milioni 20. Ufunguo (`key`, thamani inayotumika kupanga badala ya njia yenyewe) huhesabiwa mara moja kwa kila njia:

`sorted(njia, key=lambda p: p.split("/"))`

`split` hukata njia kwenye kila mkwaju iwe orodha ya vipande, na orodha hulinganishwa kipande kwa kipande. Inayoisha mapema hutangulia.

Tumbatu_dev
Sawa, ila hapo unajaza RAM orodha milioni moja na vipande vyake. `p.replace("/", "\0")` inatoa mpangilio uleule kwa stringi moja. NUL, yaani herufi `\0`, ni namba 0, hakuna herufi iliyo chini yake, na Linux hairuhusu NUL ndani ya jina la faili. Mimi ningeanza na hii. Udhaifu wake: `sura10` bado itatangulia `sura2`.

mpanga_baiti
Namba zikiingia, rudi kwenye vipande. Kila kipande kipitishe `re.split(r"(\d+)", k)`, inayotenganisha tarakimu na maneno, kisha geuza nafasi za 1, 3, 5 ziwe int (namba kamili). Hata jina likianza na tarakimu, nafasi ya 0 inabaki stringi tupu, kwa hiyo int haikutani na str (stringi) na kosa la TypeError halitokei. Usivimimine vipande vyote kwenye orodha moja ndefu, nafasi zitahama. `sura2` na `sura02` zitafungana, basi ufunguo uwe jozi `(vipande, p)`, `p` yenyewe ikiwa mwisho.

binti_mti
Ukitaka folda zitangulie faili, kila kipande kiwe jozi: `(0, jina)` kwa folda, `(1, jina)` kwa faili. Kinachosumbua ni kipande cha mwisho. `docs` ikiwa peke yake inaonekana faili, inapewa 1, inatupwa mbali na watoto wake. Iandike `docs/`, ikague kwa `endswith("/")`, ndipo uondoe mkwaju kwa `rstrip("/")` kabla ya split, la sivyo utapata kipande kitupu mwishoni.