Eneo la wazi la mtaa wetu linataka kujengwa fremu: wakazi tuanzie wapi?

Mkazi wa Kiwanja

Salaam kwenu nyote. Ninaishi pembezoni mwa Dar es Salaam, katika eneo lililopimwa chini ya mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002. Tulipokabidhiwa kiwanja chetu tulionyeshwa mchoro wa mipango miji wenye shule, zahanati, soko na, katikati ya mtaa, eneo la wazi linalokaribia ukubwa wa kiwanja cha mpira. Miaka yote hii watoto wamecheza hapo, mikutano ya mtaa imefanyika hapo chini ya miembe mitatu, matanga yamewekwa hapo wenye msiba walipokosa nafasi nyumbani, na wakati wa masika maji yanayoteremka kutoka barabara ya juu hutulia humo na kuzama ardhini badala ya kuingia majumbani mwetu.

Mwezi uliopita tuliitwa kwenye mkutano wa mtaa tukaelezwa kwamba kuna pendekezo la kujenga fremu za maduka upande unaotazama barabara, ili mtaa upate kodi ya pango, na sehemu itakayobaki iwe bustani. Baadhi ya wakazi waliafiki, kwa kuwa mtaa hauna fedha hata za kubadilisha taa zilizoungua. Mimi na wengine tulikataa, lakini mkutano ulifungwa bila kupigwa kura, na sote tulikuwa tumekwisha kutia saini karatasi ya mahudhurio. Wakati huohuo barabara yetu imo katika mpango wa kuwekwa lami, na waliokuja kuipima wanasema hakutakuwa na njia ya waenda kwa miguu, kwa sababu kuta na vibaraza vimesogea hadi ukingoni mwa barabara.

Ninaomba kujua mambo mawili. Je, mtaa una mamlaka ya kukubali eneo la wazi ligeuzwe la biashara? Na je, wakazi wa kawaida wanaweza kuomba mchoro wa barabara urekebishwe kabla ya mkandarasi kuanza kazi, au hayo ni mambo ya wataalamu peke yao?

Mpangamiji Mstaafu

Nimefanya kazi ya mipango miji katika halmashauri kadhaa kwa zaidi ya miaka 25, na swali lako nimelisikia mara nyingi, tena mara nyingi likiletwa kuta zikiwa zimekwisha kufika kwenye linta. Umewahi, na hilo ni jambo la kushukuru.

Jibu la swali la kwanza ni hapana. Kwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, mamlaka ya upangaji ni halmashauri, wala si mtaa, na hata halmashauri haiwezi kubadili matumizi ya ardhi kwa kauli ya ofisa mmoja. Ombi la kubadili matumizi linapaswa kutangazwa ili wenye pingamizi wajulikane, lijadiliwe katika kamati ya mipango miji na mazingira ya madiwani, na mchoro uliorekebishwa uidhinishwe na wataalamu wa wizara yenye dhamana ya ardhi. Bila shaka umewahi kuona bango kwenye kiwanja cha mtu lililoandikwa kwamba mwenye kiwanja anakusudia kubadili matumizi kutoka makazi kwenda makazi na biashara. Bango lile linawekwa ili jirani apate muda wa kuandika barua ya kupinga. Eneo la wazi, ambalo jirani yake ni mtaa mzima, halistahili utaratibu hafifu kuliko huo.

Pamoja na hayo, usiudharau mkutano wa mtaa kwa sababu tu hauna mamlaka ya mwisho. Muhtasari wake ndio hupelekwa juu kuonyesha kwamba wananchi wameridhia, na karatasi ya mahudhurio huambatishwa nyuma yake. Nimepokea mihtasari mingi ya namna hiyo mezani kwangu: ukurasa mmoja unasema wajumbe waliafiki kwa kauli moja, na kurasa tatu zinazofuata zimejaa saini za watu ambao baadhi yao, nilipokutana nao uwandani, waliniambia walisimama na kupinga. Kwa hiyo hatua yako ya kwanza iwe kwa mtendaji wa mtaa. Omba kusoma muhtasari huo, na ikiwa pingamizi lenu halimo, andikeni barua ya kusahihisha, mtaje idadi ya waliopinga na sababu zao, nakala iende kwa diwani na kwa mkurugenzi, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya pili ni ya ramani, na hapa ninaomba unisikilize kwa makini. Kuna mchoro wa mipango miji, unaoonyesha eneo limekusudiwa nini, na kuna ramani ya upimaji, inayoonyesha mipaka, bikoni (alama za mipaka zinazosimikwa ardhini) na namba za viwanja. Maeneo mengi ya wazi yamechorwa kwenye mchoro lakini hayakupimwa kama kiwanja chenye namba yake, au yamepimwa lakini hakuna aliyeyaombea hati. Eneo la namna hiyo limeachwa bila mlezi. Atakayekuja baadaye na mchoro mpya atapewa kipande chake kwa urahisi, kwa kuwa hakuna karatasi nyingine itakayogongana na yake. Halmashauri inaweza kuombewa hati ya eneo la wazi kwa jina lake yenyewe, ikitaja kwamba matumizi ni ya umma, na wakazi wanaweza kumshinikiza diwani wao alifikishe jambo hilo kwenye kamati. Ninaamini hati ya namna hiyo hulilinda eneo kuliko ukuta wowote, maana ukuta unaweza kuvunjwa usiku.

Kuhusu barabara, watu wengi wamesikia habari ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, wakadhani inahusu kila njia. Kipimo hicho, kilicholetwa na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 badala ya mita 22.5 za zamani, ni cha barabara kuu na barabara za mikoa. Upana wa barabara ya mtaa umo kwenye mchoro wenu wenyewe, na unaweza kupimwa kutoka bikoni ya kiwanja cha upande mmoja hadi bikoni ya upande wa pili. Huenda mkagundua kwamba nafasi ya njia ya miguu ipo, ila imekaliwa. Barabara za aina hii husimamiwa na TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu mwaka 2017. Waandikieni sasa, kabla mkataba haujasainiwa, kwa sababu baada ya hapo kila badiliko la usanifu hudaiwa fedha ambazo hazimo kwenye bajeti.

Muuza Duka

Ninamheshimu sana mzee aliyetangulia, lakini ninaomba upande wa pili nao usikilizwe. Mimi ni mmoja wa watakaotaka fremu hizo. Mtaani kwetu, ambako si mbali na hali iliyoelezwa, eneo la wazi liliachwa miaka 10 bila taa wala mtu wa kulifyeka, likawa mahali pa kutupa taka na pa kupitia vibaka, na wanawake wakawa wanazunguka njia ndefu kuliko kulikatiza baada ya magharibi. Zilipojengwa fremu nne pembeni, taa ziliwaka, kukawa na watu hadi saa nne usiku, na hofu ikapungua. Kuliita eneo bustani hakutalisafisha. Je, nyinyi mnaopinga mtachangia fedha za kulitunza kila mwezi?

Mkazi wa Kiwanja

Ndugu yangu, swali lako ni la haki, na halikujibiwa kwenye mkutano wetu. Tofauti yangu nawe ni moja tu: fremu zikishajengwa kwenye ardhi ya umma, kodi yake hupangwa na nani, na ni nani atakayezuia ya tano na ya sita? Sikupata jibu la hilo pia.

Mkaazi wa Ng'ambo, Unguja

Nawasalimu kutoka upande wa pili wa bahari. Hoja ya matunzo ndiyo iliyonileta, kwa sababu hapa kwetu tuliiona kwa macho. Bustani ya Forodhani ilitengenezwa mwaka 1936 kwa ajili ya jubilei ya miaka 25 ya Sultan Khalifa bin Harub, na sisi tuliozaliwa baadaye tuliikuta ikiendelea kuchakaa: ukuta wa bahari umeliwa, njia zimebomoka, na wauzaji wa vyakula vya usiku wamejipanga popote penye nafasi. Mwaka 2009 ilifunguliwa upya baada ya ukarabati uliofanywa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni kwa kushirikiana na serikali. Jambo lililonigusa ni kwamba wauzaji hawakufukuzwa. Walitengewa sehemu yao maalumu, miti mikubwa ikabaki, taa zikawekwa, na majani yakapata mtu wa kuyamwagilia.

Kwa hiyo ndugu yetu muuza duka na dada yetu mkazi hawako mbali kama wanavyodhani. Biashara ndogo inayofunguliwa jioni na kuondoka usiku, ikilipa ada inayokwenda kwenye matunzo ya bustani hiyohiyo, huleta mwanga na macho ya watu bila kuifunga ardhi. Jengo la matofali ni jambo jingine kabisa. Likishasimama halirudi kuwa bustani. Nawaombeni mlipime pendekezo lenu kwa kigezo hicho kimoja: je, kinachowekwa kinaweza kuondolewa kesho asubuhi watoto wakitaka kucheza?

Msomaji wa Nairobi

Niruhusuni niongeze mfano wa huku kwetu, kwa sababu unathibitisha neno la mzee kuhusu hati. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao wa michezo umezungushiwa ukuta. Walipoandamana na kuusukuma ukuta huo, walirushiwa vitoa machozi, na picha zao zikaonekana duniani kote. Baada ya ghadhabu hiyo ya umma shule ilipewa hati ya ardhi yake, na serikali ikatangaza mpango wa kuzipatia shule za umma hati zao. Kila ninapopita hapo najiuliza kwa nini watoto walilazimika kuumia kwanza kwa ajili ya karatasi ambayo ingeweza kutolewa miaka mingi kabla.

Wazee wetu watakumbuka pia mwaka 1989, Wangari Maathai alipopinga jengo la orofa 60 lililokusudiwa kusimama ndani ya bustani ya Uhuru. Silaha yake kubwa ilikuwa barua. Aliandikia ofisi moja baada ya nyingine, ndani na nje ya nchi, akidharauliwa hadharani, hadi wafadhili wakasita na mradi ukaachwa. Siku hizi Katiba yetu ya mwaka 2010 inadai ushirikishaji wa umma, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 imeweka katika kila kaunti kamati ambayo mwananchi asiyeridhika na uamuzi wa mipango anaweza kuikatia rufaa kabla ya kwenda mahakamani. Je, kwenu Tanzania kuna ngazi kama hiyo?

Mpangamiji Mstaafu

Ahsante, ndugu wa Nairobi. Kwetu njia ya kwanza ni ya kiutawala: halmashauri, kisha mkuu wa wilaya, kisha ofisi ya ardhi ya mkoa. Wakifika mahakamani, wakazi wafahamu kwamba kuishtaki halmashauri kunahitaji notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Siku 90 zinatosha kabisa kwa fundi kumaliza fremu nne. Ndiyo maana ninasisitiza pingamizi la maandishi mapema, lifike kabla kamati ya madiwani haijaketi.

Na kwa ndugu muuza duka: usemayo ni kweli, na sisi wataalamu tuna sehemu yetu ya lawama. Tulikuwa tukipaka rangi ya kijani kwenye mchoro na kuhesabu kwamba kazi imekwisha, bila kuandika ni nani atakayefyeka, nani atalipia taa na maji ya masika yatatokea wapi.

Mkazi wa Kiwanja

Nimerudi kutoka ofisi ya mipango miji. Ofisa niliyemkuta alikuwa mwungwana, akanitafutia mchoro wetu kwenye kabati. Eneo limeandikwa waziwazi kuwa ni la wazi, na limepimwa. Lina namba ya kiwanja na bikoni nne, mbili kati ya hizo nimekwisha kuziona chini ya takataka. Hati haijaombwa na mtu yeyote. Barabara yetu ina upana wa mita 12 kwenye mchoro, na tulipoipima jioni na majirani, kamba ilituonyesha kwamba mahali pembamba zaidi zimebaki mita saba na nusu. Ukuta mmojawapo uliosogea ni wa kwangu mwenyewe, kwa karibu mita moja. Nimezungumza na mume wangu na tumekubaliana tuuvunje kwanza sisi, kabla ya kupeleka barua TARURA.

Jumamosi tunakutana na kina mama wa kikundi cha mtaa pamoja na vijana wa timu ya mpira, tuandike maombi mawili: moja kwa diwani kuhusu hati, na jingine la kutenga eneo dogo la meza za jioni zitakazolipia taa. Nilipiga picha ya mchoro kwa simu. Je, inatosha kuambatisha?

Mpangamiji Mstaafu

Haitoshi, mwanangu. Rudi ukalipie nakala rasmi, yenye namba ya mchoro, saini na muhuri, na uombe stakabadhi. Picha ya simu itawasaidia Jumamosi kuwaelewesha majirani, lakini kamati haitaipokea.