Akina mama wa dagaa Kibirizi tulikuwa tunasali pamoja, sasa ubatizo na Salamu Maria vinatugawa, nifanyeje?

mama_mwaloni
Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo, Shalom, naziweka zote ili kila mtu achukue yake mana ndo yaliyonileta hapa.

Mi ni mama wa dagaa hapa Kibirizi Kigoma, mwaloni kwenye soko la samaki la Ziwa Tanganyika, naanika na kuuza jumla. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa uvuvi, kuanzia tarehe 15 mwezi wa 5 mpaka tarehe 15 mwezi wa 8, akina mama tulikaa miezi 3 hatuna cha kuanika, watoto wanadaiwa michango shuleni, mwenye nyumba anagonga. Sasa mmoja wetu akasema jamani si tukutane tu tuombe kuliko kukaa tunahesabu madeni. Tukaanza wanne, tukafika 18. Wakatoliki, Waanglikana (mimi humo), Wamoraviani, walokole wa makanisa matatu tofauti na dada mmoja Msabato. Wallahi sijawahi kuona kitu kizuri vile, mwenye unga kilo mbili anagawa, mwenye mgonjwa tunaenda wote.

Ziwa lilipofunguliwa tukasema tusiache. Kipindi cha giza, mwezi haupo na dagaa wanavuliwa kwa taa, kila mtu yuko bize usiku na mchana, kwahiyo tukachagua siku za mbalamwezi wavuvi wakipumzika, Jumamosi saa kumi jioni, tunasali alafu tunatoa mchango, elfu mbili mbili, anapewa mmoja.

Shida zikaanza kidogo kidogo. Kwanza Baba Yetu. Tunaanza pamoja, wengine "litakaswe" wengine "litukuzwe", sawa, hiyo tulizoea. Ila tukifika mwisho Wakatoliki wanasema Amina wanafumbua macho, sisi wengine ndo kwanza tunaendelea "kwa kuwa ufalme ni wako", wao wanatuangalia tu. Tulikuwa tunacheka.

Alafu akaja mama mmoja mgeni, mlokole wa moto, akasema waliobatizwa utotoni kwa kumwagiwa maji kichwani hawajabatizwa, kwahiyo wasiongoze maombi. Mkutano uliofuata Wakatoliki nao wakamalizia na Salamu Maria, wameipandisha sauti kusudi, nusu ya watu wakainuka wakaenda kugeuza dagaa. Dagaa wenyewe mbalamwezi ile hata hawakuwepo, waligeuza mchanga.

Msabato wetu yeye aliacha kuja muda tu, wanasema anatudharau.

Kilichoniuma ni msiba. Mwenzetu alifiwa na mumewe, usiku wa mkesha kundi moja likakaa upande huu wa turubai na spika yake, kundi jingine upande ule na spika yake, wote wanaimba kwa wakati mmoja. Mfiwa akanishika mkono akaniambia mama fulani naomba wanyamaze wote.

Sasa wananiambia mimi ndo niwe kiongozi. Najiuliza si bora tuache kusali tubaki na mchango tu?

chumvi_kidogo
Pole sana mama. Ila hapo kwenye kugeuza mchanga nimecheka mpaka mtoto kaamka 😂

Mtu wa Ng'ambo
Mama shikamoo. Mi niko Tabora, Mmoraviani wa kuzaliwa, nikupe kitu kimoja cha huku kwetu. Kule Urambo misheni ilianzishwa 1879 na London Missionary Society, wale wale waliokuwa na kituo huko Ujiji kwenu pia. 1898 wakawakabidhi Wamoraviani. Sasa fikiria mkristo wa Urambo wakati ule, amelala akiwa wa misheni hii ameamka ni wa misheni nyingine, shamba lile lile, mke yule yule, Yesu yule yule. Babu zetu wengi hatukuchagua haya majina, tulitegemea ni mzungu gani aliyefika kijijini kwanza. Mtu wa Kasulu ni Mwanglikana, wa Buhigwe kwenye ile hospitali ya misheni ni Msabato, wa Karema ni Mkatoliki, alafu leo tunatoana macho kama vile tulikaa tukasoma vitabu vyote tukachagua.

Sisi alfajiri ya Pasaka tunaenda makaburini kabla jua halijachomoza, ndo desturi yetu. Hapa mtaani majirani wasio Wamoraviani nao wanakuja siku hizi, mana na wao wana watu wao wamelala pale. Hakuna aliyewaita. Kule hatugombani, labda kwa sababu ni saa kumi na moja usiku na kuna baridi.

Usiache kusali mama. Hilo la spika mbili lakini ni aibu, hapo ungezima umeme kabisa.

nimevuka_mto
Mtaniona mbaya lakini niseme. Umoja umoja, kila mtu anataja Yohana 17 "wote wawe na umoja", mbona hamsomi mistari minne nyuma, "uwatakase kwa ile kweli, neno lako ndiyo kweli". Kama mtu anaamini ubatizo ni wa maji mengi na wa mtu aliyetubu, unataka aseme uongo ili msigombane? Huyo mama mgeni hajakosea alichoamini. Amekosea mahali, hapo nakubali, mana hakualikwa kufundisha, alialikwa kuomba. Ila msimfanye shetani. Sisi tuliookoka tumezoea kuambiwa tuna kelele na tunajiona, mara nyingine mtu anasema tu anachokiamini kwa moyo.

Mtu wa Ng'ambo
@nimevuka_mto aamini kwa moyo sawa, ila kuwaambia wenzako wasifungue kinywa mbele za Mungu ni kitu kingine.

katekista_mzee
Tumsifu Yesu Kristo. Mwanangu mama_mwaloni, mimi ni Mkatoliki na nimefundisha watoto komunyo miaka mingi, nianze na sisi kwanza. Hiyo Salamu Maria iliyosaliwa kwa hasira ilikuwa jiwe la kurushia watu, haikuwa sala. Mama wa Yesu hatumwiti aje kutusaidia kugombana. Sala hiyo tuna mahali pake, kuna jumuiya ndogondogo kila wiki, kuna rozari nyumbani, mwezi wa kumi mzima tunasali, haitapungukiwa kitu ikiachwa mwaloni. Waambie nimesema mimi, na wakikasirika wamuulize paroko wao.

Kuhusu ubatizo. Kwetu mtu akibatizwa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, hata kama ni Mmoraviani au Mwanglikana, akihamia kwetu habatizwi tena. Kwahiyo sisi ubatizo wenu tunauheshimu, ndo mana inauma wa kwetu ukiitwa si kitu. Na mtu akisoma 1 Wakorintho sura ya kwanza ataona Paulo anashukuru kwamba hakuwabatiza isipokuwa Krispo na Gayo, alafu anakumbuka aah na nyumba ya Stefana, alafu anasema wengine hakumbuki. Mtume mzima hakumbuki kambatiza nani, mana walikuwa wanatumia ubatizo kugawana, mimi wa Paulo mimi wa Apolo.

Ila nisikudanganye pia, kuna mambo hamtafanya pamoja. Meza ya Bwana kwa mfano, kila mmoja abaki kanisani kwake, hilo msilijaribu mwaloni mtaumizana bure. Chagueni visivyo na ubishi, zaburi moja, kila mtu ataje mgonjwa wake, Baba Yetu. Na kwenye Baba Yetu Wakatoliki wasubiri tu kimya wenzao wamalize. Hata sisi kwenye Misa yale maneno ya ufalme na nguvu na utukufu yapo, yanakuja baada ya padre kusali kidogo. Kwahiyo si mageni.

Tena wanawake mna bahati, Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa 3 kuna Siku ya Maombi ya Dunia, ibada inaandaliwa na wanawake wa nchi moja na inasaliwa na wanawake wa makanisa mbalimbali dunia nzima. Hamuanzi kitu kigeni.

binti_wa_milimani
Mimi ni Msabato wa Buhigwe, nimesoma comenti zote hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu huyo dada yetu, mnasema anadharau tu.

Mama hebu angalia ulichoandika mwenyewe. Ziwa lilipofungwa alikuwa anakuja. Alipoacha ni lini? Mlipoanza kutoa hela. Mnakutana Jumamosi saa kumi jioni, jua halijazama, Sabato haijaisha. Kusali Sabato hana shida hata kidogo, ndo siku yenyewe, ila akimaliza kusali mnaweka ndoo katikati mnahesabu elfu mbili mbili na mnadaiana nani hajatoa. Yeye hawezi. Na hawezi kusimama mbele ya watu 17 kuwaambia badilisheni kwa ajili yangu, ataonekana anajidai mtakatifu. Kwahiyo kakaa nyumbani. Mimi nimefanya hivo hivo kwenye kikundi cha vicoba, miezi minne, mpaka mtu akaniuliza.

Muulize. Usimtumie meseji, nenda.

mama_mwaloni
Wee! Yani nimesoma hii nikaweka simu chini.

Ni kweli kabisa, mwezi wa kwanza wa mchango alikuja, akasali, tulipoweka ndoo akasema anawahi nyumbani, mwezi wa pili hivo hivo, wa tatu hakuja. Na mimi ndo nilikuwa naandika daftari, nikamwekea alama ya hajatoa. Nimekaa naye mchanga mmoja miaka 9.

mama_mwaloni
Narudi tena. Nimeenda kwake jana jioni, nimekuta anasonga ugali akanikaribisha. Sikusema mengi, nikamwambia mchango tunahamishia Jumapili jioni, hata sijawauliza wenzangu bado. Akanyamaza, akanipakulia samaki, migebuka miwili mikubwa, mikubwa kuliko ya watoto wake. Akasema atakuja.

Huyo mama mgeni nitamwambia kama alivyosema @nimevuka_mto, abaki na imani yake ila hapa tumekuja kuomba. Akiondoka sijui, naogopa kidogo mana ana watu wake watatu wanne wanaomfuata. Katekista asante baba, nimewasomea Wakatoliki maneno yako kwenye simu, mmoja kanuna, wengine wakacheka wakasema ni kweli tulirusha jiwe. Nimeomba pia kwenye msiba mwingine iwe spika moja, na mfiwa ndo aseme nani aimbe.

Mbalamwezi ni wiki ijayo.

nimevuka_mto
Amina mama. Ukimwambia mwambie faragha, siyo mbele ya ndoo.

chumvi_kidogo
Mama na dagaa sasa gunia bei gani? Niko Tabora nataka za kuanzia, zisiwe na mchanga lakini

mama_mwaloni
@chumvi_kidogo njoo inboksi. Mchanga tuliugeuza wote ule 😂