"Tin yu lou waat": mlinzi wangu wa Guangzhou ananiambia nini?

MamaVitenge:
Wadau habari zenu. Niko Guangzhou, mitaa ya Xiaobei, nimefuata mzigo, na mvua za mwezi wa sita zimenikuta. Jana natoka kwenye lifti na mabegi mawili na ndala mguuni. Mlinzi wa jengo, mzee wa watu, alikuwa anatandaza maboksi yaliyokunjuliwa mlangoni. Akanishika mkono: "Tin yu lou waat." Akarudia polepole. Hiyo "waat" anaikata ghafla, kama kaimeza. Programu ya simu inanipa Kichina cha Beijing, haifanani kabisa. Safari iliyopita niliteleza kwenye vigae hapohapo, goti likavimba wiki nzima, kwa hiyo huyu mzee ananijali kweli. Nataka nimjibu kwa lugha yake.

Msafiri_Foshan:
Dada, hicho ni Kikantoni, Kichina cha huko Guangzhou. Tin ni mbingu, yu mvua, lou njia, waat utelezi: 天雨路滑. Mbingu zimenyesha, njia inateleza. Beijing hiyo ya mwisho ni "hua", ndiyo maana simu imekuchanganya. Wakantoni wamebaki na t ya mwishoni, ulimi unagusa na kubaki pale bila kutoa pumzi. Ni maneno ya kwenye matangazo na vibao, mzee kakupa lugha ya heshima. Sokoni utasikia "hou sin", panateleza sana. Hilo "sin" ulishike, wewe mfanyabiashara: "pei yan sin" ni mtu kaingizwa mkenge.

Wakala_HK:
Nyongeza. Kile kibao cha njano cha sakafuni ni "siu sam dei waat", jihadhari sakafu inateleza. Waat ileile. Na usingoje mvua! Ukija mwezi wa tatu au wa nne utakuta "wui naam tin": hewa ya joto yenye unyevu inapanda kutoka kusini, inakuta kuta na vigae bado vina baridi ya kipupwe, vinatoka jasho. Ngazi zinalowa chapa na nje hakuna hata tone. Ndala acha chumbani.

MamaVitenge:
Asanteni sana ndugu zangu. Leo nimeshuka na raba, nikamwambia "m goi, hou sin!", yaani asante, panateleza sana. Akanirekebisha hiyo "sin", sauti iwe tambarare, isipande wala kushuka, mpaka nikaipata. Halafu akaniangalia miguuni, akatikisa kichwa kukubali, akaenda kuongeza boksi jingine pale penye ngazi ya mwisho.