Mama ana mtoto wa jicho na presha ya macho: tumhamishe au asubiri hospitali yake?

BintiPwani, Leicester

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari zenu. Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kulipitia jambo hili hapa England.

Mama yangu ana umri wa miaka 71 na anaishi nasi kwa kibali cha kudumu, kwa hiyo matibabu yake yanagharamiwa na NHS, yaani huduma ya afya ya serikali. Kwa miaka sita amekuwa akitumia matone ya presha ya macho, yaani glakoma, na huhudhuria kliniki ya hospitali ambayo madaktari wake amewazoea. Mwezi wa pili mpima macho wa dukani alimwona na mtoto wa jicho katika jicho la kulia, akamwandikia rufaa ya operesheni. Barua ya hospitali inasema atangoja zaidi ya wiki 30. Isitoshe, miadi yake ya marudio ya presha imeahirishwa mara mbili, na tarehe mpya hatujapewa.

Jirani ametueleza kwamba zipo kliniki za watu binafsi zinazolipwa na NHS, ambazo humaliza kazi ndani ya wiki chache. Mama hataki kusikia habari hiyo, kwa kuwa anaogopa kumpoteza daktari wake. Lakini kusoma msahafu ameshaacha, na jikoni anapapasa. Je, akihama ataanza foleni upya? Na kliniki ya presha itamfuta?

Muuguzi wa Macho, Birmingham

Mpe mama shikamoo yetu. Nimefanya kazi katika kliniki za macho kwa miaka 11, na swali lako nalisikia karibu kila wiki.

Kwa England, mgonjwa anayepewa rufaa isiyo ya dharura ana haki ya kisheria ya kuchagua mahali atakapoonwa kwa mara ya kwanza, zikiwamo kliniki binafsi zenye mkataba na NHS, na halipi chochote. Haki hiyo ilipaswa kuelezwa siku ile ile rufaa ilipoandikwa. Kwa bahati mbaya wazee wengi hupokea barua tu wakadhani hospitali ya karibu ndiyo pekee. Aidha, kipimo cha taifa ni kwamba matibabu yaanze ndani ya wiki 18 tangu rufaa ipokelewe. Muda huo ukipita, au mkiambiwa mapema kwamba utapita, mnaweza kuiomba hospitali au bodi ya afya ya eneo lenu, ile inayoitwa ICB, imtafutie mahali pengine penye nafasi. Akihamishwa kwa njia hiyo, wiki alizokwisha kungoja zinaendelea kuhesabiwa. Mkifuta rufaa wenyewe na kuomba nyingine, hesabu huanza upya, kwa hiyo msifute kitu chochote kabla ya kupata nafasi mpya kwa maandishi.

Sasa naomba unisikilize vizuri, maana kinachonitia hofu katika maelezo yako ni ile miadi ya presha. Mtoto wa jicho huondolewa na uoni ukarudi hata baada ya kuchelewa, ilhali sehemu ya uoni inayoliwa na glakoma hairudi kamwe, na mgonjwa hasikii maumivu yoyote ya kumzindua. Zile wiki 18 huhesabiwa hadi matibabu ya kwanza tu. Marudio hayamo ndani yake, na ndiyo maana huahirishwa kwa urahisi. Mwaka 2020 chombo cha uchunguzi wa usalama wa wagonjwa kilitoa ripoti juu ya mwanamke wa miaka 34 aliyepoteza uoni baada ya marudio yake ya glakoma kucheleweshwa kwa jumla ya miezi 13. Sisi wenye asili ya Afrika tumo katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huu. Pigeni simu kesho, muulize ni lini daktari alitaka mama aonwe, na mseme wazi kwamba tarehe hiyo imepita. Wasipowajibu, nendeni ofisi ya PALS ya hospitali hiyo, ile inayosaidia wagonjwa wenye maswali na malalamiko.

Mwana wa Tanga, Luton

Nakubaliana na muuguzi, ila naongeza tuliyoyapata sisi. Baba naye alikuwa na magonjwa yote mawili. Tulimhamishia kliniki binafsi kwa furaha, akapimwa, kisha tukaambiwa kwamba jicho lake lina matatizo yanayohitaji hospitali kubwa, akarudishwa. Tulipoteza miezi mitatu. Kliniki hizo sasa hufanya zaidi ya nusu ya operesheni za mtoto wa jicho zinazolipwa na NHS England, na kwa jicho lisilo na tatizo jingine naona ni msaada mkubwa. Kabla ya kuhama, ulizeni kama wanapokea wenye glakoma na nani atapima presha baada ya operesheni, kwa sababu inaweza kupanda katika siku za mwanzo. Pia ombeni mkalimani. Ni haki yake na ni bure. Baba alikuwa akiitikia kila kitu kwa adabu bila kuelewa.

Mkaazi wa Cardiff

Kwa wasomaji walio nje ya England: hapa Wales hatuna haki hiyo ya kuchagua hospitali. Tulicho nacho ni utaratibu wa kumpa kila mgonjwa wa macho daraja kulingana na hatari ya kupoteza uoni, na walio katika daraja la juu hupangiwa tarehe ya mwisho ya kuonwa, hata kwa marudio. Foleni bado ni ndefu, lakini kipimo hicho kinamtazama mgonjwa kama mama yako, na natamani kingetumika huko kwenu pia.

BintiPwani, Leicester

Nawashukuru sana. Nimepiga simu leo asubuhi. Karani alikiri kwamba daktari alikuwa ameandika miezi sita, na sasa ni miezi tisa. Amempatia mama nafasi Jumanne ijayo. Bodi ya eneo imepokea ombi letu kuhusu mtoto wa jicho. Mama amekubali kuhamishwa kwa ajili ya operesheni tu, kwa sharti kwamba matone na marudio yabaki kwa daktari wake, na kwamba Jumanne yeye mwenyewe amwombe daktari huyo barua ya kueleza hali ya jicho. Nimeshaomba mkalimani.