Naomba ushauri: plasta ya chokaa kwa nyumba ya mawe, Ano Syros

Wakuu, naombeni ushauri. Nyumba iko Ano Syros, kisiwani Syros, Ugiriki: mtaa wa enzi za Wavenisi mlimani juu ya mji wa Ermoupoli. Ukuta wa mawe, unene sentimita 60, ulipigwa plasta ya saruji. Unyevu umekosa pa kutokea, chumvi inachomoza na rangi inabanduka. Mpango ni kubandua saruji yote, ukuta ukauke, kisha chokaa 1 kwa mchanga 3, matabaka mawili ya milimita 10. Mchanga wa ufukweni hapana, una chumvi. Gari halifiki, ni ngazi tupu, kila mfuko unabebwa.

Je, chokaa iliyolowekwa (ile ya kawaida, inayokomaa kwa hewa) au ya haidroliki (inayoganda kwa maji)? Na meltemi, upepo mkavu wa kaskazini wa Julai na Agosti, huikausha plasta haraka ikapasuka: nifunike kwa magunia yaliyoloweshwa siku ngapi?