Mendel alipika namba za njegere?

mwl_pasua (Moshi)
Wakuu, shikamooni. Nafundisha Baiolojia kidato cha nne, tuko kwenye jenetiki. Juzi nikaandika ubaoni hesabu za Mendel, yule padri aliyezalisha njegere kuchunguza urithi wa sifa: punje laini 5,474, zenye mikunjo 1,850, za njano 6,022, za kijani 2,001, yaani karibu 3 kwa 1 kila jozi, kama kanuni yake inavyodai. Binti mmoja, mama yake anauza njegere Kiboriloni, akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona zimenyooka hivyo? Huyu padri hakupika?" Darasa likaangua kicheko. Nikapekua, kumbe Fisher, mtakwimu wa Uingereza, alilisema tangu 1936. Nimjibuje?

takwimu_njiro
Mpe zawadi huyo. Ila hizo za ubaoni hazina ajabu. Punje zikifika elfu saba na ushee, 2.96 kwa 1 ni kawaida tu. Fisher alijumlisha majaribio yote, akaona bahati tupu ingeleta ukaribu ule mara 7 tu katika 100,000.

Pabaya ni hapa. Ili kujua mmea upi ni chotara (umebeba sifa zote mbili, moja imejificha), Mendel alipanda mbegu 10 za kila mmoja. Zote 10 zikimfuata mzazi, mmea unahesabiwa safi. Sasa kila mbegu ya chotara ina nafasi ya robo tatu kumfuata mzazi, na robo tatu ukiizidisha yenyewe mara 10 unabaki na asilimia 5.6: machotara hao wanapita bila kugundulika. Katika mimea 600, kikanuni theluthi mbili, yaani 400, ni machotara; ukitoa hao waliopita, alitakiwa aone kama 378. Aliandika 399! Yaani alikosea kuelekea jibu alilolitaka, 400.

bustani_tengeru
Taratibu, mkuu. Jaribio moja la rangi ya maganda lilimpa machotara 60 kwa safi 40. Akatilia shaka, akalirudia, akapata 65 kwa 35, na akachapisha yote mawili mwaka 1866. Mpishi gani anaacha jungu lililoungua mezani? Halafu hizo mbegu 10, kitaluni hakuna anayetegemea zote ziote.

takwimu_njiro
Zikiota pungufu, machotara wengi zaidi wanapita. Umemzidishia kesi.

bustani_tengeru
Haya. Lakini hata Fisher alimshuku zaidi msaidizi aliyejua bosi anangoja nini. Na punje ya kijani ikipigwa jua hupauka, hapo mwenye jibu kichwani anaisogeza upande wake bila hila. Karatasi za Mendel zilichomwa baada ya kifo chake 1884, tutamhoji nani?

mwl_pasua
Asanteni. Jumatatu naanza na ile 399, wapige hesabu wenyewe. Ila daftarini inabaki 3 kwa 1, maana NECTA, wale wa mitihani ya taifa, hawana mchezo.