Karata za wanyama kwa watu wawili: Beasty Bar, Coloretto au Kakerlakenpoker?

mchangakarata: Habari za jioni wakuu. Mimi na mke wangu hucheza karata watoto wakishalala. Sasa tunataka kitu chepesi, cha dakika 20 hivi, na yeye anapenda sana wanyama. Nimebaki na mitatu, yote ya Ujerumani: Beasty Bar, Coloretto na Kakerlakenpoker. Maboksi yote yanasema wawili wanaweza kucheza. Ninyi mliocheza wawili wawili, upi unanoga?

pwani_usiku: Beasty Bar, bila kusita. Wanyama wanapanga foleni kuingia baa. Kila mmoja ana karata 12 zilezile, kuanzia skanki mwenye nguvu 1 hadi simba mwenye 12, na mkononi unashika nne. Unaweka mmoja mwisho wa foleni, anafanya vituko vyake, unaokota nyingine. Wakifika watano, wawili wa mbele wanaingia, wa mwisho anafukuzwa. Aliyeingiza wengi ameshinda.

Utamu uko kwenye vituko. Mamba anakula kila aliye dhaifu mbele yake, hata wa kwako, mpaka akutane na pundamilia au aliyemzidi nguvu. Sili anageuza foleni nzima, wa mwisho anakuwa wa kwanza. Sasa angalia tumbili: akiwa peke yake hafanyi lolote, lakini wakifika wawili wanafukuza viboko na mamba wote na kwenda mbele. Mkicheza wawili, kila mtu ana tumbili mmoja tu. Kwa hiyo ukimtanguliza wako unamngoja wa mwenzako, au unamtumia kinyonga wako amuige. Wakiwa wachezaji wanne hesabu hiyo inapotea kwenye vurugu. Wakiwa wawili unaiona vizuri kabisa.

dada_wa_tatu: Kaka, Kakerlakenpoker usinunue kwa ajili ya wawili. Naupenda mno, lakini ni mchezo wa kundi. Una karata 64, wadudu na wanyama wa kuchukiza wa aina 8: mende, popo, nge na wenzao. Unamsukumia mtu karata imefunikwa, unamwambia "huyu ni popo", naye aamue kama ni kweli au unazuga. Raha yake kubwa ni kuichungulia na kumpelekea mtu mwingine. Mkiwa wawili hakuna mwingine! Unabaki kukisia tu, ndiyo au hapana.

kinyonga_wa_tanga: Coloretto nimeucheza sana. Ni mchezo safi, wa Michael Schacht, ulitoka 2003. Unaongeza karata kwenye safu au unabeba safu, na rangi tatu tu ndizo zinakupa alama, zilizobaki zinakukata. Ila mwanzoni ulitungwa kwa watu 3 hadi 5, sheria za wawili zikaja baadaye. Tena kinyonga ni picha tu pale. Shemeji anayependa wanyama hatamwona mnyama akifanya lolote.

mzee_wa_foleni: Napingana kidogo na pwani_usiku. Beasty Bar una bahati nyingi. Simba wako akiwa chini kabisa ya kifurushi, na simba wa mwenzako amekaa foleni unapomweka, wako anatupwa nje papo hapo.

pwani_usiku: Ni kweli mzee, lakini ndiyo maana humweki siku hiyo. Unamshika mkononi mpaka wa mwenzako aingie baa, au unamtoa kwanza kwa kasuku. Karata ni 24 tu mkiwa wawili, kwa hiyo kukumbuka zilizokwisha pita si kazi.

mchangakarata: Asanteni sana. Swali moja: mke wangu Kiingereza hakipendi wala Kijerumani hakijui. Karata zina maandishi?

dada_wa_tatu: Hazina maneno, ni picha na alama. Mweleze mnyama mmoja mmoja anapojitokeza, usimsomee wote 12 kwa mpigo.

pwani_usiku: Na mechi ya kwanza mtoeni kinyonga, kila mtu abaki na karata 11. Kinyonga anaiga wengine, ukimleta kabla wengine hawajazoeleka anachanganya. Mechi ya pili mrudisheni.